Jini la Saa Mbili Asubuhi

Nianze na kosa lenyewe, maana nikianza na salamu nitazunguka weee mpaka mnichoke. Jini la Mejumaa ni mimi. Si jini la baharini, si la pangoni, si la kurithi kwa bibi. Ni mimi, karani wa stoo, mwembamba kama ufito, ninayeogopa hata paka.

Nimekosa, ndugu zangu! Na nimekosa kwa kujifanya najua.

Majina ya watu nimeyabadilisha. Liko jina moja tu nimeliacha vile lilivyo, na mtaliona mbele.

Nafanya kazi katika hoteli moja hapa Diani. Aliyenitafutia kazi hiyo ni Mejumaa, binti wa mjomba wangu, mzaliwa wa Kinondo kama mimi. Yeye yuko mapokezi, zamu ya asubuhi. Mimi niko stoo napokea nyanya na samaki. Alimwendea meneja akaniombea, akamwambia, "Kaka yangu huyu ni mwaminifu."

Mwaminifu!

Sasa pale mapokezi ipo kompyuta moja, ndiyo hiyo hiyo ya hoteli nzima. Programu ya wageni iliandikwa na jamaa mmoja wa Mombasa kwa lugha ya Java, kisha mwenyewe akaenda zake Omani, hata salamu haleti. Na programu za namna hiyo hazisemi na mashine moja kwa moja. Zinataka mkalimani akae katikati, naye mkalimani ni programu nyingine, tena ana matoleo. Ile ya wageni ilizoea mkalimani wa toleo la zamani. Ukimletea wa toleo jipya inagoma kabisa, inatapika mistari ya Kiingereza kwenye kioo, basi huna jina la mgeni wala namba ya chumba.

Nami nilikuwa nimempata huyo mpya. Mgeni mmoja Mswisi aliniona nikisoma kitabu cha kompyuta juu ya gunia la viazi, akacheka, akaniachia diski yake. Nikaanza kuandika programu yangu mwenyewe ya stoo. Meneja akaniruhusu nikalie mashine kila siku kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi, wakati wageni wako ufuoni wanajichoma kwa jua na mapokezi hapana mtu ila Mutua.

Mutua ndiye wa zamu ya mchana. Ni mtu wa bara, ameokoka, na kompyuta haiamini hata kidogo. Anasema mwaka elfu mbili ukibisha hodi zitazimika zote. Yeye wageni wake huwaandika kwenye daftari, halafu magharibi ikikaribia ndipo anawaingiza wote kwenye mashine, tena akishaiombea.

Taabu ilikuwa moja. Kila nikitaka kumtumia mkalimani mpya, lazima nimwondoe wa zamani kwa mkono, na nikimaliza nimrudishe. Wiki ya kwanza tu nikasahau kumrudisha. Meneja akaniita ofisini. "Rudia tena uone," akasema, na hakusema nitaona nini.

Hapo ndipo kichwa kiliponivimba. Nikasema, mimi sirudii. Nitatengeneza chombo kitakachonikumbukia. Tena si cha kubofyabofya picha, ni cha kuandika amri kwenye lile dirisha jeusi, kama mafundi wenyewe. Nikaandika siku tisa. Ukiandika orodha, kinakuonyesha matoleo yote yaliyomo. Ukiandika zamani, unapata wa zamani. Ukiandika mpya, unapata mpya. Kila programu ikifunguliwa, kwanza inapitia kwake, naye anaipa mkalimani niliyemchagua.

Nikakiita MSHENGA. Si ndiyo kazi ya mshenga? Kwenda huku na huku, kila mmoja apate mwenziwe. Na mwaka huo jina hilo lilikuwa midomoni mwetu sote, maana Mejumaa alikuwa ameposwa na kijana wa Msambweni, mwalimu wa shule, tuseme jina lake Hamisi. Mshenga wao, mtu mzima wa kanzu na kofia ya vito, alikuwa anakuja Kinondo kila baada ya wiki mbili. Harusi ilikuwa ifanyike baada ya Idi. Mejumaa alikuwa akipita kwenye baraza za hoteli unamsikia anaimba kwa pua.

Lau ningekomea hapo, leo ningekuwa mtu mbele ya watu.

Lakini wapi! Nikaona hata kuandika amri ni kazi. Nikataka Mshenga aangalie saa mwenyewe. Ukifika wakati wangu, aweke mkalimani mpya. Ukipita, amrudishe wa zamani. Basi nikakaa, nikaikunja mikono ya shati, nikaandika: kuanzia 8 hadi 10, mpya. Saa nyingine zote, zamani. Saa nane mpaka saa kumi. Nikafunga, nikaenda kunywa chai kwa maringo.

Mmeshacheka? Ambaye hajacheka asubiri kidogo.

Kesho yake saa nane mchana nikakaa mbele ya mashine. Kimya! Mshenga ananipa mkalimani yule yule wa zamani. Nikaona ile sehemu ya saa imekataa kazi. Nikasema potelea mbali, nitampa amri kwa mkono. Nikaendelea hivyo, na ile mistari miwili ya saa nikaiacha humo humo imelala. Nilidhani imelala!

Kuanzia wiki hiyo Mejumaa akaanza kulia.

Asubuhi ndio wakati wa wageni kuondoka. Basi la kwenda uwanja wa ndege linanguruma nje, dereva anapiga honi kwa sababu ya foleni ya feri ya Likoni, Wajerumani thelathini wamepanga mabegi yao, na Mejumaa anafungua programu. Inagoma. Anazima, anawasha, inagoma. Kioo kimejaa Kiingereza. Mara anatafuta vyumba kwenye karatasi, mara anaomba radhi kwa Kijerumani chake cha kuungaunga, jasho linamtoka mpaka buibui inamganda mgongoni.

Meneja akimaliza chai yake akaja kuangalia, mashine inafunguka vizuri, hata haikohoi.

"Inagoma na nani?" akamuuliza.

"Haki ya Mungu, bwana, sasa hivi ilikuwa imegoma."

"Mbona Mutua hajawahi kulalamika?"

Na kweli. Jumamosi, siku ya Mejumaa ya kupumzika, Mutua ndiye anayeshika asubuhi. Lakini si nimewaambia Mutua haigusi mashine mpaka magharibi? Hakuna aliyefikiria hilo. Hata mimi fundi mkuu sikufikiria.

Sasa nisikilizeni, hapa ndipo nilipochimba shimo kwa mikono yangu. Siku moja tuko chumba cha chakula cha wafanyakazi, maharagwe na chapati. Mutua anasema, "Aisee, hiyo machine iko na shida na Meju pekee. Mimi inaniheshimu."

Nikadakia, kwa kutaka kuchekesha tu, "Labda ana jini mahaba. Limeona posa imekaribia, limeanza wivu. Leo linavunja mashine, kesho litamvunja Hamisi."

Watu wakacheka mpaka maharagwe yakawapalia. Mejumaa hakuwepo.

Mtu mmoja hakucheka. Bi Riziki wa dobi aliweka kijiko chini, akaniangalia. Bi Riziki huyo ni shangazi yake Hamisi, dada wa baba, tumbo moja. Nilijua! Ulimi ukanitangulia, basi.

Habari ilifika Msambweni kabla ya maharagwe kushuka tumboni. Kwenu nyinyi msiojua, jini mahaba si mchezo. Ni jini la kiume linalompenda mwanamke, na mume wa kibinadamu akija linamtia mikosi mpaka akimbie. Familia ya Hamisi haikuvunja posa. Ilimtuma mshenga wa kanzu aseme maneno ya upole, kwamba wanasubiri kidogo, mtoto atazamwe kwanza.

Mama yake Mejumaa akalia. Akatafutwa mganga, mama mmoja wa Ramisi mwenye sifa ya kupunga majini, na ngoma ikapangwa Jumamosi.

Ijumaa, siku moja kabla ya ngoma, nikapeleka kreti ya maji mapokezi. Nikamkuta Mejumaa amesimama mbele ya mashine iliyogoma, mikono kichwani. Nikainama kutazama. Na pale pembeni ya kioo, chini, mashine imeandika saa yake: 8:20.

Nikatazama mkono wangu. Saa mbili na dakika ishirini.

Lahaula! Mtu mzima, nimekulia pwani, nimeiandikia mashine ya kizungu saa ya Kiswahili! Nane yangu ni ya mchana, nane yake ni asubuhi. Mshenga hakulala hata siku moja. Kila siku ya Mungu, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nne, wakati wageni wanaondoka, alikuwa anamwondoa mkalimani wa zamani na kumweka mpya, kwa utii kamili, kama nilivyomwamuru.

"Kaka," Mejumaa akaniita. Akatoa kidaftari chake chini ya kaunta. Yeye huandika kila kitu, tangu madrasa alikuwa hivyo. "Nimeandika kila siku inapogoma. Saa mbili na robo. Saa tatu kasorobo. Saa tatu na nusu. Ikishagonga saa nne haigomi tena. Jini gani hili linavaa saa? Wewe ndiye unayejua mashine. Umeona kitu?"

Ndugu msomaji, jibu lilikuwa mdomoni, nimelishika kwa meno. Nikamfikiria meneja. Rudia tena uone. Nikafikiria vile nilivyojisifu kwa kila mpishi na kila mtunza bustani.

"Sijui, dada," nikasema.

Nikaondoka na kreti yangu tupu. Nikaenda swala ya Ijumaa, na khutba, subhanallah, ilikuwa juu ya amana. Nilikaa nyuma ya nguzo muda wote.

Alasiri nikaenda kwenye mashine. Nikafungua Mshenga, nikafuta 8 nikaweka 14, nikafuta 10 nikaweka 16. Kazi ya dakika moja! Nikajiambia, haya, yamekwisha. Kesho kutwa mashine itafunguka vizuri, maneno yatakufa yenyewe, harusi itafungwa, nami nitakula pilau. Hakuna haja ya kumsumbua mtu kwa maelezo marefu.

Mpumbavu mimi! Mpumbavu wa daraja la kwanza!

Jumamosi alasiri ngoma ikapigwa. Mganga alikuwa ametaka kuku mwekundu, na mnajua nani alimleta? Mimi. Nilimshika miguu njia nzima, anapiga kelele, watu wananisifu: "Huyu ndiye kaka wa kweli." Wakamfunika Mejumaa shuka jeusi, wakamfukiza ubani na udi mpaka machozi yakatutoka hata sisi tulio nje. Msichana mzima, hana hata mafua! Ngoma ikakolea, mganga akamuinamia.

"Wewe uliyemo humu, sema! Wataka nini?"

Kisha sauti ya Mejumaa ikatoka chini ya shuka, imekauka kwa moshi. "Nataka kwenda kazini."

"Loo!" mganga akasema. "Hili ni jini la kizungu!"

Watu wakapiga vigelegele. Nami nilipiga makofi, Mungu anisamehe. Moyoni nilikuwa nalia.

Jumapili asubuhi, saa mbili na robo, Mejumaa akafungua programu. Ikafunguka. Saa tatu ikafunguka. Saa tatu na nusu ikafunguka. Wapishi wakatoka jikoni kushuhudia. Mutua akainua mikono akasema, "Praise God," ingawa si yeye aliyeleta kuku. Nami nikacheka, nikajiona nimeokoa jahazi.

Bi Riziki akaja kutoka dobi, mikono imelowa sabuni, akasimama kwenye mlango wa mapokezi.

"Kumbe limetoka," akasema.

"Limetoka, Bi Riziki!" wakamjibu.

"Basi kumbe lilikuwamo." Akageuka akarudi kwenye mashuka yake.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Kabla ya Ijumaa ile ulikuwa ni uvumi, watu wangeweza kuukataa. Mimi kwa dakika yangu moja, kwa kimya changu, niliutia muhuri. Kama mashine imepona baada ya ngoma, basi jini lilikuwepo kweli, na lililotoka laweza kurudi. Nani amuoze mwanawe kwa mwanamke wa namna hiyo? Wiki haikuisha, mshenga wa kanzu akaja kwa mara ya mwisho. Hakukaa hata kumaliza kahawa. Posa ikavunjika.

Mejumaa hakulia mbele yetu. Aliendelea na zamu yake, ila kuimba kwa pua akaacha.

Siku ya nne baada ya hapo akaniita mapokezi. Lile dirisha jeusi lilikuwa wazi. Alikuwa akinitazama nikifanya kazi miezi yote ile, na kumbe aliokota mengi kuliko nilivyodhani. Alikuwa ameitisha orodha ya mafaili, na orodha ile huonyesha kila faili lilibadilishwa siku gani, saa gani. Kidole chake kilikuwa juu ya jina MSHENGA.

"Hapa pameandikwa Ijumaa, tatu na dakika kumi na mbili, alasiri," akasema taratibu. "Kwa saa yetu ni saa tisa na dakika kumi na mbili. Ngoma yangu ilipigwa Jumamosi. Jini langu lilitoka siku moja kabla ya kufukuzwa?"

Yeye hakukosea saa. Mimi fundi ndiye niliyekosea.

Nikamweleza yote. Nikaanza na 8 nikamalizia na kuku. Aliposikia habari ya mzaha wangu wa jini mahaba alifumba macho. Nikangoja anitukane. Heri angenitukana!

"Nilikuuliza," akasema.

"Ndiyo, dada."

"Nilikuuliza, ukasema hujui."

Nikamwambia, twende tukawaeleze Msambweni, wewe na mimi. Akatikisa kichwa. "Nikisema mimi, watasema jini limerudi linanifundisha maneno. Useme wewe. Uende peke yako, umwambie Bi Riziki na umwambie Hamisi. Mimi simwambii mtu."

Nikaapa nitakwenda. Na nimekwenda kweli! Mara tatu nimepanda gari, mara tatu nimefika Gazi nikashuka, nikanywa maji ya madafu, nikarudi. Kila nikijaribu kupanga maneno naona nyuso za wale wazee. Nitawaambiaje? Kwamba jini lilikuwa mistari miwili? Watauliza, ni nani aliyeiandika, na kwa nini ulileta kuku?

Mejumaa hakumwambia mtu, kama alivyosema. Ila siku hizi haniiti kaka.

Juzi nilikuwa na mama yangu sokoni Ukunda tukakutana naye. "Shikamoo, shangazi," akamwambia mama, akambusu mkono. Kisha akanigeukia mimi. "Habari yako, bwana." Kama vile mimi ni mgeni nimekuja kuuliza chumba.

Alipokwenda zake mama akanishika kiwiko. "Kwani mmekosana nini?"

"Sijui, mama," nikasema.

Mlisikia? Neno lile lile! Usiku wa siku ile ndipo nilipotafuta karatasi niandikie gazeti.

Wenzangu, na hasa nyinyi mnaoanza kushika hizi kompyuta na kuvimba vichwa, nawaomba. Ukiharibu, sema. Ukitengeneza ulichoharibu, sema kwa sauti kubwa zaidi, maana ukitengeneza kwa siri kuna mwenzako atakayebeba lawama, na atabeba maisha yake yote. Na kabla ya kuiambia mashine saa nane, jamani, iulizeni kwanza yenyewe inahesabu vipi. Mimi mwiba nimejichoma mwenyewe, siambiwi pole. Mejumaa hakujichoma.

Nasikia Msambweni wameanza kuulizia binti mwingine, na Hamisi bado anakataa.

Bi Riziki, najua gazeti hili unalisoma kila wiki, ukishamaliza unafungia sabuni. Hili usilifungie. Majina nimeyabadilisha, hata lako, lakini Mshenga ni Mshenga, muulize Mutua atakwambia ni wa nani. Kisha uje stoo. Niko pale kuanzia saa moja asubuhi, na safari hii ukiniuliza, najua.